Bulangeti la Udongo Nyuma ya Materinite

Siku yangu ya kwanza kazini kama jardinie, mtunza bustani, sikukabidhiwa hata ua moja. Nilikabidhiwa jembe lenye mpini uliopasuka, kopo la kumwagilia, sekateri, yaani mkasi wa kukatia matawi, na kilima kitupu. Aliyenipokea alikuwa Sista Ekonome, mtunza mali wa misheni pale Fizi, mwanamke mfupi kutoka Bukavu aliyetembea haraka kuliko vijana. Alinipitisha mbele ya ofisi, mbele ya jikoni, mbele ya vitanda vya maua nilivyokuwa nikivitamani nikiwa barabarani, na hakusimama popote. Alikuja kusimama nyuma ya materinite, nyumba ya kuzalia, kwenye mteremko uliokuwa chini ya miti mikubwa ya avoka, yaani maparachichi.

"Weye njo jardinie mupya?"

"Ndiyo, Sista."

"Basi kazi yako iko hapa. Maua ya kule mbele inajiotea yenyewe, usijisumbue nayo. Hii udongo inakimbia. Kila mvua inashuka mpaka kwa kisima. Mi nataka ibakie."

Kilima kile nilikijua kuliko alivyodhani. Mwaka uliotangulia mke wangu, Anjelani, alijifungua katika nyumba ile ile mtoto wetu wa kwanza, msichana, na mtoto hakulia. Mama mkwe wangu na shangazi yangu walimfunga katika kipande cha kitenge wakamzika pale juu kivulini, kama walivyozikwa wengine wasiofika kupewa jina. Hapakuwekwa msalaba wala jiwe. Kazi ile ilifanywa na wanawake wazee, kimya, na mwanamume aliambiwa baadaye. Kwa hiyo Sista aliposema anataka udongo ubakie, mimi nilikuwa nataka jambo hilo hilo kwa sababu yangu mwenyewe. Niliikubali kazi kabla hajamaliza kuieleza.

Ninyi vijana mnaosoma haya, wengi wenu mkiona mahali pa kivuli mnamwaga semeni, yaani saruji, mnaita maendeleo. Zamani zetu semeni ilikuwa ghali, tulilazimika kufikiri. Chini ya miti mikubwa nyasi hazikai. Tulijaribu paspalumu, zile nyasi za majani mapana ambazo kila misheni ilizipenda. Zilianza vizuri na mvua za kwanza, kufika Krismasi zimegeuka njano, na kiangazi kilipoingia hapakuwa na hata unyasi mmoja. Giza lilizidhoofisha, na mizizi ya avoka, iliyokaa juujuu kama mishipa ya mkono wa mzee, ilizinyang'anya maji.

Lakini kilichokuwa kinamaliza kilima kuliko vyote hivyo ni ufagio. Kwetu uwanja safi ni uwanja unaoonyesha udongo. Mama anaamka, kabla hajawasha moto ameshafagia, na mistari ya ufagio ikionekana vizuri majirani wanajua nyumba hiyo ina mwenyewe. Majani yakiachwa chini, watu wanauliza kama kuna mgonjwa ndani. Pale materinite kila mzazi alikuja na gadimaladi, yaani ndugu wa kumlinda mgonjwa, na gadimaladi asiye na kazi alishika ufagio. Wakafagia majani, wakafagia vumbi, na kila asubuhi wakafagia kidogo cha udongo wenyewe. Mvua ilimalizia tu.

Sista alisema dawa ni kuvresol, mmea wa kutambaa unaofunika ardhi usiku na mchana, masika na kiangazi, bila kupukutisha majani. Alikuwa amelelewa Bukavu kwenye bustani za watu, alijua anachosema. Tuliupata njiani kuelekea Bibokoboko, siku tulipoomba nafasi kwenye gari la chanjo lililokuwa linapanda kwa wafugaji wa milimani. Kwenye bonde moja lenye kijito, gizani kabisa chini ya miti, Sista akapiga kelele dereva asimame. Wauguzi walikuwa na njaa, wakanung'unika. Yeye alishashuka, viatu mkononi, akarudi na kikapu kimejaa.

Mmea wenyewe si wa kutisha mtu kwa uzuri. Una jani dogo la kijani kibichi kinachong'aa, shina laini linalolala chini na kutoa mizizi kila linapogusa udongo, na ua jeupe lenye doa la zambarau kooni, la ukubwa wa kifungo cha shati. Lakini haukauki. Sista alikuwa na jina lake refu la kitabuni. Sisi wafanyakazi tuliuita bulangeti, na hata Sista mwishowe akaacha jina lake akashika letu.

Namna ya kuupanda ni hii, na mpaka leo sijaona bora. Unakata buture, yaani kipande cha shina, urefu wa shubiri, chini kidogo ya kifundo, maana mizizi hutokea kwenye kifundo. Unatoa majani ya chini, unabakiza ya juu. Vipande vinalazwa ndani ya gunia lililoloweshwa, kivulini, mpaka mvua ya mwezi wa tisa inyeshe kweli, si ile ya kudanganya. Chini ya mti huchimbi kwa hasira, usije ukaua mti uliokupa kivuli. Unatafuta vishimo vyenye udongo katikati ya mizizi, unatia mboji ya kujaza kiganja, unalaza shina, unafukia vifundo viwili, unakandamiza kwa kisigino. Mistari inakingama na mteremko, na kila mstari unaziba nafasi za mstari wa juu yake, ili maji yakishuka yakutane na shina kila mara. Majani ya avoka yaliyoanguka unayaacha pale pale, yatunze unyevu mpaka mmea ujishike. Shina likishaanza kukimbia unalikata ncha, litoe matawi pembeni badala ya kwenda mbali likiwa peke yake.

Maua nayo yana sharti lake. "Angalia chini saa ya mchana," Sista aliniambia siku nilipolalamika kwamba napata majani matupu. "Kama jua inaanguka madoadoa, ni muzuri. Kama ni giza tu, maua hapana. Panda kule juu, ukate tawi mbili za chini." Nilipanda nikakata, na msimu uliofuata maua yakatoka. Mengi ninayoyajua ni yake.

Kuhusu ufagio alijaribu pia. Aliwakusanya akina mama barazani, akawaeleza kwa upole kwamba kile kilima kisifagiwe tena. Wakaitikia wote kwa pamoja, "Ndiyo, Sista," na mmoja akampigia makofi. Kesho yake alfajiri nilikuta kilima kimefagiwa vizuri kuliko siku zote, ili Sista afurahi. Buture zangu zilikuwa zimekusanywa pembeni, chungu nzuri kabisa, tayari kwa kuchomwa.

Mwenye ufagio mgumu kuliko wote alikuwa Anjelani. Alikuja kila Jumamosi na ufagio wa vijiti vya mchikichi, akapanda moja kwa moja mpaka mahali pa mtoto, akapafagia mpaka pakang'aa. Jumamosi moja nikashindwa kunyamaza.

"Anjela, unaondoa buture yangu."

"Mi nafagilia mutoto."

"Mvua itachukua ile udongo yote."

"Na bantu baseme nini? Mama yake alimuzika, akamuacha ndani ya majani? Hana jina, mi ntamuita nani? Hana picha. Niko na hii ufagio tu."

Nikamwachia mahali pake, kiasi cha mkeka mmoja, nikapanda kuzunguka. Akina mama wengine walipoona, nao wakadai mikeka yao. Sista akapita siku moja, akasimama na mikono kiunoni, akatazama kilima chenye matundu kila upande. "Etabo, hii ni bulangeti ao ni neti ya mbu?" Wauguzi wakacheka kule dirishani. Mimi nilicheka pia, lakini si sana.

Mvua kubwa zilipokuja, sehemu zilizopandwa zilikaa. Ile mikeka ilizama, ikawa kama mabakuli. Asubuhi moja nilifika kazini nikaona ncha ya kitenge imetokeza mahali petu. Nilikitambua kitenge kile, nilikinunua mimi mwenyewe sokoni Baraka kabla ya harusi. Nikakaa chini. Halafu nikainuka, nikachota udongo wa kichuguu, ambao ni mzito na hauchukuliki ovyo, nikafunika, nikapanga mawe upande wa chini. Jioni nilimwambia Anjelani, maana jambo la namna ile humfichi mama. Hakulia mbele yangu. Jumamosi iliyofuata alikuja na beseni la udongo kichwani, kutoka shambani kwetu, akaumwaga, akausawazisha kwa kiganja, na akafagia. Tangu hapo tukawa na desturi yetu ya ajabu, mimi natia mashina pembeni, yeye anatia udongo katikati, na wote wawili tunataka mtoto akae.

Halafu Dokta Mkurugenzi, mkuu wa hospitali ya misheni, akanihamisha. Alikuwa mrefu, wa maneno machache, na alipenda kila kitu kionekane kutoka barabarani.

"Unaenda Baraka. Kule nyumba ya wageni iko na bustani ya kutia haya."

"Na kilima, Dokta?"

"Kilima itakungojea. Haina miguu."

Nilitaka kumwambia kwamba shida ya kilima kile ni miguu yake, lakini Dokta hakuwa mtu wa kutaniwa.

Baraka ni kazi nyingine kabisa. Kule ni tambarare ya ziwani, udongo wa mchanga, joto, na upepo unaokausha jani likiwa bado kwenye shina. Bosi wangu alikuwa Gestionere, msimamizi wa nyumba na fedha, mtu mnene aliyekagua bustani kwa kutazama kama viatu vyake vimechafuka. Bulangeti langu la milimani liliungua ndani ya juma moja. Nikamwambia Gestionere kwamba mmea huu unahitaji kivuli, na hapa kivuli hakuna. "Sasa si utengeneze?" akanijibu, akaingia ndani kula. Nilikasirika, lakini alisema kweli. Nikapanda migomba upande wa jua la mchana, nikachanganya mchanga na mboji na maganda ya mihogo yaliyooza, nikaanzia chini ya ukuta ambapo ubaridi hukaa. Mstari wa ukutani ukashika, na kutoka hapo mmea ukatambaa wenyewe polepole kuifuata migomba. Nilituma pia buture za kazi hiyo Nundu, kwenye kituo cha afya, nikaenda kuwaonyesha. Wavuvi wa kule walinipa ndubu, samaki wa ziwani, nikarudi nimeshiba kuliko nilivyofanya kazi.

Katika miaka hiyo Anjelani alimzaa Wilondja, kisha wadogo zake. Hata hivyo, kila alipopata nafasi kwenye lori la Fizi alipanda, akakaa juu ya magunia ya mihogo na samaki wakavu, ufagio mkononi. Abiria walimtania sana. "Mama, kule Fizi kumekosa fagio?" Naye alikuwa anajibu kwamba anaenda kumwona mtoto, ambalo lilikuwa jibu la kweli, na wakamwachia nafasi.

Kisha vita vikaja. Sitavieleza, wapo wanaoweza kuvieleza vizuri kuliko mimi, na kila familia ya huku ina maelezo yake. Tulivuka ziwa kwenda Tanzania na watoto, sufuria mbili na nguo za mwilini. Kambini sikuwa jardinie wa kitu chochote, hapakuwa na mti wa kutoa kivuli. Anjelani alifagia mbele ya turubai letu kila alfajiri. Siku za mvua alikaa mlangoni akitazama maji yanavyoshuka kati ya mahema, na mimi nilijua anafikiria kilima gani.

Tuliporudi watoto walikuwa wakubwa. Sista Ekonome alikuwa ameshafariki Bukavu. Materinite ilibaki kuta, mabati yamekwenda. Miavoka miwili ilikuwa imekatwa, ikachomwa makaa. Tukazunguka nyuma, Anjelani mbele yangu, akasimama ghafla nikamgonga.

Kilima chote kilikuwa kimefunikwa. Hapakuwa na tundu hata moja. Bulangeti lilikuwa limeshuka mpaka kisimani, limepanda mpaka kwenye uzio, na udongo uliokuwa umekimbia miaka yote ulikuwa umekaa chini yake, mweusi, laini, na mizizi ya avoka haionekani tena. Lilikuwa katika maua. Kwa macho ya kazi, sijaona kuvresol nzuri kama ile, wala Sista hakuwahi kuiota. Kazi bora ya maisha yangu ilifanyika nisipokuwepo, kwa sababu hapakubaki mama hata mmoja wa kufagia. Nikalia. Mpaka leo siwezi kusema nililia kwa furaha au kwa nini.

Anjelani hakulia. "Iko wapi?" akauliza.

"Ni hapa, upande huu."

"Hapa wapi? Weye njo jardinie. Nionyeshe."

Nikatafuta. Mahali pale nilikuwa napajua kwa miti, na miti ile haikuwepo. Nikainua mashina hapa, nikainua kule, natafuta mawe yangu. Hakuna. Nikaenda kuazima jembe kwa jirani, nikarudi, nikainua mkono nifungue sehemu. Akanishika.

"Wacha."

"Ntafungua pole pole, Mama Wilondja."

"Utafungua wa nani? Kama haiko wetu? Kuko mama mwengine iko Tanzania mpaka leo, anasema mutoto wangu amefunikwa muzuri. Rudisha jembe ya bantu."

Nikashusha jembe. Akatazama yale maua tena, halafu akasema bila kunitazama, "Lakini ni weye ulimufunika, Baba Wilondja. Sasa amepotea." Akateremka peke yake. Kwa miaka mingi baada ya hapo alipita barabara ya mbele ya misheni, akasalimia kila mtu, na nyuma ya materinite hakukanyaga. Nyumbani tuliishi vizuri, tulicheka, tuliozesha watoto. Jambo hilo tu lilikaa kati yetu, na mimi kila siku nilienda kulimwagilia maji.

Maana walinirudisha kazini. Mabati yalipopandishwa tena akaja Dokta Mkurugenzi mpya, kijana, mwenye kusikiliza. Siku zake za kwanza akina mama waliona nyoka kwenye maua, wakapeleka kelele ofisini, wakitaka kilima kilimwe kibaki cheupe. Dokta akaniita.

"Mzee, pale kuko nini chini?"

Nikamwambia.

"Basi hatulimi. Lakini nyoka nayo si muchezo. Tukate hatua moja kutoka kwa ukuta na kwa njia, ibaki wazi, bamama baone mahali banakanyaga. Kule ndani tunaacha."

Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo, mimi niliyezeeka na mmea ule. Tulifanya hivyo, na ndivyo inavyotakiwa kufanywa kila mahali palipo na watu: pembeni unakata kwa panga kila mwezi, wima, kama mtu anayenyoa ndevu, na katikati unaacha mmea ujitawale. Ile hatua moja akina mama waliruhusiwa kuifagia wanavyotaka. Waliifagia mpaka ikawa mfereji, tukajaza kokoto.

Nilistaafu magoti yaliponishinda mteremko. Waliniaga kwa mbuzi na Fanta, na hotuba ya Dokta iliyonifanya nijione mtu mkubwa. Aliyechukua jembe ni mama mmoja wa Kilembwe, mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Haniombi ushauri, lakini nikimpa haukatai. Watu huniuliza kama sijutii kutumia maisha kwa mmea ambao hauliwi, hauuzwi na hakuna anayeuchuma apeleke kanisani. Sijutii. Mahindi nimelima pia, yanaliwa yanaisha. Ila wasiojua huona maua tu. Ninachowaambia ninyi mnaoanza ni kwamba kabla ya kupanda kivulini, ulizeni kwanza pale chini pana nini, na nani anapafagia, na kwa nini. Sista alinifundisha mimea. Hilo la pili nilijifunza nyumbani kwangu, kwa shida.

Jumamosi moja, nikiwa nimeshastaafu, nilitaka kwenda kumwonyesha yule mama wa Kilembwe namna ya kuziba sehemu iliyokauka karibu na njia. Kopo la maji lilinizidi. Anjelani akalichukua, akanisindikiza. Nilifikiri ataniachia getini. Akaja mpaka nyuma, akasimama kwenye kokoto.

Pale tulimkuta binti mmoja, mkimbizi kutoka Burundi, bado ana kitambaa cha uzazi kiunoni. Alikuwa amezaa juzi yake, na mtoto hakuwa hai. Wazee wa kwao walikuwa mbali, basi wauguzi ndio waliozika, pembezoni mwa maua, na udongo ulikuwa bado mbichi. Binti alikuwa ameshika ufagio. Alifagia kidogo, akasimama, akafagia tena yale mashina, kama hajui aanzie wapi.

Anjelani akamtazama muda. Akaweka kopo chini, akamwendea, akamtoa ufagio mkononi taratibu.

"Usifagie, mwanangu. Ukifagia, mvua itamutoa. Mi naijua hiyo."

"Mama, sisi tutarudi kwetu," binti akasema. "Wakituambia turudi, tutarudi. Huyu atabaki na nani hapa? Hana hata mtu mmoja."

Anjelani akainama, akavunja shina la bulangeti, chini ya kifundo, sawasawa kabisa, kumbe miaka yote ile alikuwa ananitazama. Akalilaza kwenye udongo mbichi, akalifukia, akakandamiza kwa kiganja. Kisha akaweka mkono juu ya maua, pembeni tu, mahali palipogusana na kaburi la yule mtoto.

"Atabaki na wa kwangu," akasema. "Wa kwangu njo huyu hapa. Ni musichana. Batakaa babili."

Binti akapiga magoti akashika mkono ule, akalia kwa sauti, kilio alichokuwa amekizuia tangu juzi.

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kokoto. Pale alipoweka mkono, zamani za Sista palikuwa na tangi la maji lililojengwa kwa matofali kando ya kilima. Tulilivunja baada ya kurudi kutoka Tanzania, na nikapanda juu yake kwa mikono yangu mwenyewe. Hakuna mtoto aliyewahi kuzikwa pale. Anjelani alijua, alikuwa akichota maji kwenye tangi lile alipokuwa na mimba ya kwanza. Akainua macho akanitazama, mara ya kwanza kwenye kilima kile tangu siku ya jembe la kuazima.

"Baba Wilondja," akasema, "leta maji."

Nikapeleka kopo. Nilimwagilia kwa binti, nikamwagilia na pale petu.